Mshono wa Ala

Aboud alikuja kuuchukua upanga siku ya Ijumaa, baada ya sala, akiwa na mjukuu wake Hamuza, ambaye ndiye aliyetarajiwa kuuvaa. Dada yake, Bi Masuda, aliwafungulia mlango, akapokea shikamoo ya kijana, akawaonyesha viti. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya pili katika mtaa wa Al Muraqqabat, Dubai, juu ya duka la mazulia, na humo ndimo upanga ulimokuwa umehifadhiwa tangu mama yao alipofariki. Ulilazwa juu ya kabati la nguo, ndani ya kipande cha kanga kilichopauka.

"Masuda," alisema Aboud kabla hata kahawa haijamiminwa, "nimekuja kuchukua upanga wa babu."

"Babu yupi?"

"Babu yetu mzaa baba. Kwani tuna mwengine aliyekuwa na upanga?"

Bi Masuda alimimina kahawa, akampa Hamuza kwanza kwa kuwa ndiye bwana harusi, jambo ambalo Aboud aliliona lakini hakulisema.

Harusi ilikuwa mwisho wa mwezi huo, mwaka 2007. Upande wa bibi harusi ulikuwa wa Waarabu wa Oman waliopata kuishi Unguja, watu waliojua ukoo wao baba kwa baba na waliopenda kuuhesabu mbele ya wageni. Katika kikao cha posa, Aboud alikuwa amemweleza baba wa binti kwamba kijana angevaa upanga aliouvaa babu wa babu yake alipokuwa akiandamana na liwali. Maneno hayo yalipokelewa kwa kutikisa vichwa, na tangu siku hiyo Aboud alikuwa hana amani, kwa sababu upanga wenyewe haukufanana na panga za Oman hata kidogo. Panga za Oman walizozijua watu wake zilikuwa ama nyoofu, ama zenye kupinda kwa kiasi. Huu ulikuwa umepinda kama mundu.

"Nitautengeneza," alisema. "Huu mpini wa pembe utaondolewa, utatiwa wa fedha. Ala nayo itavuliwa ngozi yake yote, ishonwe mpya, nyekundu, yenye nyuzi za fedha. Na mshono ukae ndani unapostahili kukaa. Tumeaibika vya kutosha."

Hamuza alicheka. Jambo la mshono lilijulikana kwa kila mtu wa nyumba hiyo. Upande mmoja wa ala ulikuwa umenakshiwa kwa mistari na miduara iliyogandamizwa kwenye ngozi. Upande wa pili haukuwa na kitu isipokuwa mshono mnene, wa kupanda na kushuka, kama kovu la mtu aliyepasuliwa. Vitanzi vya mkanda navyo vilikuwa vimewekwa kwa namna ambayo mtu akiuvaa upanga kiunoni kushoto, kama wavaavyo watu wote, nakshi hugeukia pajani na mshono huwatazama wageni. Picha zote za mabwana harusi wa ukoo huo, kuanzia ya Aboud mwenyewe iliyopigwa Unguja, zilikuwa na mshono huo katikati. Watu wa nyumbani walikuwa na mzaha wao kwamba fundi aliishona ala hiyo huku amefumba macho.

Bi Masuda hakuwahi kuucheka mzaha huo. Kwa miaka mingi alikuwa na dhana yake moja, nayo ni kwamba upanga haukuwa wa babu bali wa mama yao, Bi Yasmini. Mama huyo alikuwa Mhabeshi. Aliletwa Maskati akiwa mtoto mdogo, kisha Unguja pamoja na watu waliomlea, akaolewa na baba yao, na jina la Yasmini ni jina alilopewa. Alilozaliwa nalo hakulitaja. Katika nyumba yao neno Habasha halikuwa likitamkwa, si kwa ukali wala kwa amri, ila kwa mazoea, kama watu wasivyotaja ugonjwa wa mtu aliyepo. Bi Masuda aliwahi kumwuliza mama yake, siku moja wakichambua mchele, kwamba watu wake walikuwa akina nani. Alijibiwa, "Watu wangu ni nyinyi," na mchele ukaendelea kuchambuliwa.

Lakini upanga huo ulikuwa ukipakwa mafuta na Bi Yasmini peke yake. Mtumishi akiugusa, aliitwa na kukanywa. Hiyo ndiyo hoja pekee aliyokuwa nayo Bi Masuda, na alijua kwamba haitoshi. Alijua vilevile kwamba, mpini wa pembe ukishatupwa na ngozi ya ala ikishachanwa, hakuna mtu atakayeweza tena kusema upanga huo ulikuwa nini. Utakuwa wa babu, aliyeandamana na liwali, milele.

"Uchukue," alisema. "Sina neno. Lakini fundi nitamchagua mimi, na nitakuwapo."

Aboud alimtazama kwa mashaka. "Fundi gani?"

"Yupo mmoja Deira, ana duka la silaha za kale. Anasema Kiswahili. Alikuja kwa jirani yangu kununua jambia."

"Anasema Kiswahili? Basi vyema. Nimechoka kueleza mambo kwa Kihindi."

Bi Masuda alimchagua fundi huyo kwa sababu alikuwa Mhabeshi. Hilo hakulisema.

*

Duka, walilolifikia kesho yake asubuhi, lilikuwa katika uchochoro wenye hoteli ndogo ndogo, kati ya wakala wa mizigo na kinyozi. Mwenyewe aliitwa Wondimu. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti kubwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, ambaye alikuwa amefanya biashara Mombasa na Nairobi kabla ya kuhamia Dubai, na aliyezoea kusifiwa. Ukutani mwake kulikuwa na majambia ya Yemen, panga za Oman, ngao za ngozi na picha kadhaa zake mwenyewe akipeana mikono na wanunuzi.

"Karibuni, karibuni! Mama, kaa hapa penye kipoza hewa. Mzee, wewe kaa hapa. Bwana harusi asimame, bado ana magoti." Aliupokea upanga ukiwa ndani ya kanga, akaifungua kanga taratibu, na mara akanyamaza. Kwa mtu wa aina yake, kunyamaza kulionekana.

"Nani amewaambia huu ni wa Oman?" aliuliza hatimaye.

"Hakuna aliyesema ni wa Oman," alisema Bi Masuda.

"Mimi nimesema," alisema Aboud. "Yaani, ulikuwa wa mtu wa Oman. Sisi hatukuja hapa kuuza, bwana. Tunataka mpini wa fedha na ala mpya. Khalas."

"Subiri, mzee. Daktari haanzi kwa kukata." Wondimu aliishusha miwani ya pajini, akauelekeza mpini kwenye taa. Alieleza kwamba jambo la kwanza analotazama katika upanga wowote wa kutoka upande ule ni pembe, kwa sababu ikiwa ni ya kifaru hatataka hata ibaki juu ya meza yake. Sheria ni kali, na yeye hana umri wa kulala korokoroni. Pembe ya kifaru, alisema, ukiipitishia mwanga huonyesha nyuzi nyembamba zilizosongamana, kama unywele ulioganda. Pembe ya ng'ombe au ya nyati huonyesha matabaka, kama kitunguu. Aliugeuza mpini huku na huku.

"Kitunguu," alisema. "Alhamdulillahi, nyati. Tunaweza kuongea."

"Wewe Mwislamu?" aliuliza Aboud.

"Mimi Mkristo, lakini nimekaa na nyinyi hadi ulimi umesilimu peke yake."

Hamuza alicheka tena. Aboud hakucheka.

Kisha Wondimu alionyesha umbo la mpini: mwembamba katikati, mpana juu na chini, usio na kikinga mkono chochote. Alionyesha jinsi mkia wa chuma ulivyopita katikati ya pembe hadi kileleni, ukapondwa juu ya kisahani cha shaba ili usichomoke. Aliuchomoa upanga wenyewe. Makali yalikuwa pande zote mbili, ya ndani na ya nje ya mpindo, na katikati ya bapa palipita uti ulioinuka, kutoka mpini hadi ncha. Aliupitisha ukucha wake juu ya uti huo.

"Watu huniletea hizi wakisema ni jambia kubwa la Yemen. Wengine wanasema ni mundu wa kuvunia. Mzungu mmoja alisema ni wa mchezo wa kuigiza! Huu, mama, kwetu tunauita shoteli. Makali mawili, kwa sababu adui akijificha nyuma ya ngao, unaipita ngao kwa juu au kwa pembeni, ncha inamfuata hukohuko alikojificha. Ukitumia upanga wenu mnyoofu, utapiga ngao mpaka jioni."

"Kwenu ni wapi?" aliuliza Aboud.

"Ethiopia. Habasha."

Aboud aligeuka polepole akamtazama dada yake. Bi Masuda alikuwa akiutazama upanga.

"Wa zamani gani?" aliuliza yeye.

"Hapo ndipo waongo wanapotajirika," alisema Wondimu. "Atakayekutajia mwaka kwa kutazama kutu, mwogope. Chuma hiki kimefuliwa kwa mkono, si cha kiwanda. Baadaye watu wetu walianza kuletewa mabapa kutoka Ulaya, yaliyo sawasawa na yenye chapa. Hili halina chapa, na halijanyooka vizuri hata katika kupinda kwake. Basi nadhani ni la zaidi ya miaka mia. Nadhani, nasema."

"Huwezi kujua zaidi?"

"Naweza kukuambia ulivaliwa. Tazama hapa pembeni mwa mpini, ulivyolika kwa kiganja. Haukutengenezwa kwa ajili ya mtalii."

Aboud alikohoa. Alikuwa ameshapata njia ya kutokea, na aliifuata. "Vizuri sana. Basi babu yetu aliununua Masawa, bandari ya huko. Alikuwa mtu wa safari. Mtu wa Oman anaweza kununua upanga wa Habasha, kuna ubaya gani? Ukishakuwa wake ni wake. Sasa, bwana, tuzungumze mpini. Na huu mshono, tafadhali, uugeuze uwe ndani."

"Uwe ndani wapi?"

"Ndani! Upande wa paja. Sasa hivi uko nje, watu wote wanauona."

Wondimu alionekana kutoelewa. Aboud akatoa mfukoni pochi yake, na kutoka ndani ya pochi picha ndogo iliyokunjamana pembeni: yeye mwenyewe, kijana, amevaa joho na kilemba, na upanga kiunoni kushoto. Wondimu aliipokea. Aliitazama kwa miwani moja, kisha kwa miwani zote mbili. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Samahani, mzee. Samahani sana. Wallahi samahani." Alikaa kwenye kiti ili acheke vizuri. "Mmeuvaa hivi wangapi?"

"Wote," alisema Hamuza. "Baba, amu zangu, wote."

"Wote! Maskini fundi wa watu! Miaka yote hii mnamlaumu fundi?"

"Tunasema alishona huku amefumba macho."

"Nyinyi ndio mliofumba. Njoo hapa, bwana harusi." Alimsimamisha Hamuza katikati ya duka, akamfunga mkanda wa upanga kiunoni, upande wa kulia. Nakshi zikatokea nje, safi, na mshono ukalala pajani. Mpindo wa ala ukaelekea nyuma kama mkia wa jogoo. "Kwetu upanga huvaliwa kulia. Wanaume wote. Kushoto kuna ngao. Fundi alijua alichokuwa akikifanya, nyinyi ndio mliougeuza upanga kama shati lililovaliwa ndani nje, halafu mkaenda kupiga picha!"

"Atauchomoaje ukiwa kulia?" aliuliza Aboud. "Mkono wa kulia, upanga wa kulia? Haiwezekani. Atajichoma."

"Nipe nafasi."

Wondimu alijifunga mkanda mwenyewe, kwa shida kidogo kwa sababu ya tumbo. Alisimama. Mkono wake wa kulia ulishuka na kuushika mpini kwa kiganja kilichogeuzwa nje, kidole gumba kikitazama chini. Kiwiko kikapanda juu na nyuma, upanga ukateleza mbele kwa kuufuata mpindo wake wenyewe, na kifundo cha mkono kikazunguka, mara moja, mpaka ncha ikasimama mbele ya uso wake. Jambo zima lilikuwa la haraka na lisilo na kelele.

Bi Masuda alisimama.

"Rudia," alisema.

Wondimu alirudia. Alipofika kwenye mzunguko wa kifundo cha mkono, Bi Masuda aliinua mkono wake mwenyewe na kuuzungusha vilevile, bila upanga.

"Mama alikuwa akiutoa hivyo," alisema. "Kila alipotaka kuupaka mafuta. Aliketi juu ya mkeka, akauweka upande huu, wa kulia, mshono chini. Akaushika hivi, kwa mkono uliogeuzwa. Mimi nilidhani ni kwa sababu alikuwa ameketi."

Wondimu alimtazama kwa makini. "Mama yako alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa kwenu."

Kinyozi wa jirani alikuwa amefungua redio, na sauti ya mtangazaji wa Kihindi ilipenya ukutani.

"Hilo halithibitishi kitu," alisema Aboud. "Kila mtu ana namna yake ya kushika vitu. Mama alishika na kisu cha kukatia kitunguu kwa namna yake."

"Aboud."

"Nasema kweli! Umekuja na ndoto yako, ukatafuta mtu wa kuiagua. Bwana huyu ni mtu mwema, lakini yeye anajua upanga, hamjui mama. Hebu mwulize, upanga unasema ulikuwa wa nani?"

"Hapo mzee yuko sawa," alisema Wondimu. "Upanga unasema umetoka wapi na ulivaliwa vipi. Jina la mtu hausemi. Lingekuwa limeandikwa, ningekusomea."

Bi Masuda alilikubali hilo kwa kichwa. Hakuwa mtu wa kubishana na lililo sahihi.

"Basi tumemaliza," alisema Aboud. "Mpini wa fedha, ala nyekundu. Utakuwa tayari lini?"

Wondimu aliuvua mkanda na kuuweka upanga juu ya meza. "Nitafanya, mzee. Mimi ni mfanyabiashara. Nitalia ndani kwa ndani, lakini nitafanya, na fedha yangu ni safi. Ila nina kanuni moja hapa dukani. Kazi ya kuondoa kitu cha asili siifanyi mpaka mwenye mali aniagize kwa mdomo wake. Kwa hiyo niambieni: mwenye upanga ni nani kati yenu?"

"Mimi," alisema Aboud. "Ulikuwa wa babu, akaurithi baba, nikaurithi mimi, mwana wa kiume."

"Umesema ulikuwa wa babu," alisema Bi Masuda. "Sema wallahi."

"Nini?"

"Kitu chepesi. Sema, wallahi upanga huu ulikuwa wa babu. Ukisema, mimi nitatoka hapa nimsubiri Hamuza garini, na sitalitaja jambo hili tena mpaka nife. Utautia fedha, utautia dhahabu, shauri yako."

Aboud alifungua kinywa. Mtu huyo alikuwa amesali sala zake zote tangu utotoni; alikuwa amekwenda Hija na kurudi; katika biashara yake ya vitambaa watu walimwamini kwa sababu neno hilo hakulitumia ovyo. Alisema mengi katika maisha yake, kama wafanyavyo wenye biashara, lakini hakuwa ameapa kwa uongo. Alitazama mezani, akamtazama mjukuu wake, akatazama tena mezani.

"Kwa nini niape?" alisema. "Niko mahakamani?"

"Babu, sema tu twende," alisema Hamuza. Alidhani anamsaidia.

"Nyamaza weye!"

"Sema, Aboud."

"Mama kaununua mwenyewe!" alisema Aboud, kwa sauti iliyowafanya watu wa kwa kinyozi wapunguze redio. "Haya, umefurahi? Kaununua. Dukani kwa Banyani, Darajani, wewe hujazaliwa bado, na mimi nilikuwapo, nimeshikwa mkono! Tulitumwa kitambaa cha Idi. Ulikuwa umetundikwa nyuma, pamoja na mataa mabovu na saa zilizosimama. Mama akasimama pale mlangoni, hasemi. Akamwambia Banyani aushushe. Akauweka hapa, kiunoni, juu ya buibui lake, akautoa vile vile kama alivyofanya bwana huyu. Banyani karuka kutoka kwenye mto wake, kaenda kujibanza kwenye majora! Mtu wa watu alidhani anachinjwa. Na mimi nikalia, nikadhani mama amepandwa na shetani."

Alivuta pumzi.

"Akavua bangili zake. Zile za harusi. Akampa. Kitambaa hatukununua."

"Na baba?" aliuliza Bi Masuda.

"Baba alitaka kuurudisha. Banyani hakukubali, au mama hakukubali, sijui, walizungumza mlango umefungwa. Alipotoka akaniita. Akasema, mwanangu, upanga huu ni wa babu yako, umesikia? Nikasema nimesikia. Mtoto wa umri ule, baba amekwambia, utasema nini? Nikasema hivyo, na nikaendelea kusema." Aliichukua picha yake kutoka mbele ya Wondimu. "Siku hii hapa, mama alikuja kabla sijatoka, akauhamishia kulia. Hakusema neno, akauhamisha tu. Baba akaingia, akaurudisha kushoto. Mama akatoka chumbani. Halafu tukapiga picha."

Bi Masuda alikaa tena kwenye kiti chake. Kwa muda mrefu alikuwa ameamini kwamba siku moja angeambiwa upanga ulikuwa wa babu mwingine, mzaa mama, wa Habasha, aliyekuwa na nyumba na jina. Badala yake alikuwa ameambiwa kwamba ulikuwa wa mtu asiyejulikana, uliofika Unguja kwa njia isiyojulikana, na kwamba mama yake aliutambua miongoni mwa mataa mabovu. Alilipima jambo hilo na kuona kwamba linamtosha. Haki ya mama yake juu ya upanga huo ilikuwa kubwa zaidi kuliko ya mrithi yeyote: aliulipia.

"Umesikia," alimwambia Wondimu. "Mwenye mali amefariki. Hakuagiza mpini wa fedha."

"Nimesikia, mama," alisema Wondimu, na akaanza kuufunga upanga katika kanga. "Leo nimejinyang'anya kazi kwa mdomo wangu. Mke wangu akiuliza, nitasema duka lilifungwa."

"Basi mimi nitauvaa hivi hivi," alisema Hamuza. "Kulia. Kama alivyotaka yeye."

"Mbele ya wakwe?" alisema Aboud. "Watauliza."

"Waulize, babu. Siku hizi nani anajali? Kazini kwetu Silicon Oasis tuko watu wa kila nchi."

"Siku hizi! Wewe unawajua watu wale? Wanamjua hadi mjomba wa ngamia wao!"

"Hatauvaa," alisema Bi Masuda.

Wote wawili walimgeukia.

"Hatauvaa kushoto wala kulia. Mama hakuvua bangili zake ili mtu apendeze kwenye picha. Alitaka kuwa nao, akawa nao. Hamuza ataazima jambia la rafiki yake, kama vijana wengine. Wewe, Aboud, utampigia simu mkweo umweleze kwa nini upanga hauji."

"Nitamwambia umeharibika."

"Utamwambia kwa nini hauji. Na utampigia sasa, hapa, nikiwa nasikia."

Aboud alisema kwamba simu yake haina chaji. Hamuza akampa ya kwake. Aboud alisema kwamba saa hiyo mkwe atakuwa amelala. Wondimu, ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema kwamba hakuna mfanyabiashara wa Dubai anayelala Jumamosi asubuhi. Aboud alimtazama kwa chuki ya kweli, akatoka nje ya duka, na Bi Masuda akamfuata, akiwa na upanga mikononi, ndani ya kanga yake.

Walisimama kando ya njia, kwenye kivuli chembamba cha paa la wakala wa mizigo. Wabebaji walikuwa wakipakia vifurushi kwenye gari dogo, na mmoja wao aliwaomba wasogee. Walisogea. Aboud alibonyeza namba polepole na kushikilia simu mbali kidogo na sikio, kama dada yake alivyotaka.

Baba wa bibi harusi aliitika salamu kwa furaha na kuuliza hali za wote, mmoja mmoja. Aboud alimjibu mmoja mmoja. Kisha akasema kwamba amepiga kwa ajili ya ule upanga.

"Enhe, upanga wa liwali!"

"Si wa liwali," alisema Aboud. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Niliwaambieni kosa. Si wa babu. Ulikuwa wa mama yetu, aliununua yeye mwenyewe, Darajani. Mama yetu alikuwa Mhabeshi. Aliletwa mdogo. Hatukuwa tukisema, lakini ndivyo ilivyo. Ni upanga wa kwao. Dada yangu anasema usivaliwe, na mimi naona hivyo hivyo. Basi kijana atavaa jambia. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Aboud alifumba macho.

"Habasha?" ilisema sauti ya mkwe. "Haya, sawa. Jambia zuri. Sasa nisikilize, Aboud, ile karamu ya wanaume ni kabla ya Isha au baada? Maana watu wa ukumbi wananisumbua tangu jana, wanataka jibu, na mpishi naye anasema wali hauwezi kungoja."

Aboud alifumbua macho. Aliitazama simu kama mtu aliyebeba mzigo mzito kutoka mbali, akaufikisha mlangoni, akaambiwa auweke popote. Mbebaji aliwaomba wasogee tena.

"Baada," alisema. "Baada ya Isha."